Shangazi Aliyemtoa Kipara Getini

Mimi nina miaka themanini na moja. Nimeishi kuliko wake zangu wawili, Mungu awarehemu, kuliko daktari aliyenikataza kunyanyua vyuma, na kuliko mwenye gereji hii aliyeniajiri, ambaye nilimzidi umri kwa mbali na hakuwa na haki ya kunitangulia. Nimeishi kuliko geti letu la kwanza, la mbao, na la pili, la mabati. Hili la sasa la chuma bado tunatazamana. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue anasimuliwa na mtu aliyekuwapo.

Jarida hili la wafanyakazi lilitaka mwandishi mwenye kalamu nzuri. Karani wa ofisini akaandika ukurasa mmoja msafi sana. Nikausoma polepole, kwa shida yangu, nikaukuta umejaa "weledi" na "mchango mkubwa" lakini hauna hata nyundo moja ndani yake. Nikamwambia nipe karatasi. Shule mimi niliionja tu, lakini injini zinazonguruma humu nimezifufua mimi, na mtu anayefufua injini hawezi kushindwa na aya. Karani nimemruhusu atie nukta na mkato. Maneno asiguse.

Haya, tuingie kazini. Shangazi amestaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi uliopita, baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na minane. Alikuwa fundi bodi mkuu. Kwa asiyetujua, kazi yetu ni kuyaumba upya magari ya zamani. Mtu anatuletea gari la enzi za babu yake, lenye pua ndefu na madigadi ya mviringo, nasi tunalivua nguo zote, tunalishusha, tunalikata, tunalipa injini yenye hasira, na linatoka hapa likiwa gari ambalo hakuna kiwanda kilichowahi kulitoa. Kila kinachozunguka na kupiga kelele ni changu mimi. Bati lote, kuanzia taa ya mbele hadi buti, lilikuwa la Shangazi.

Shangazi kwa nini? Kwa sababu alikuwa mdogo wake mwenye gereji, marehemu, na binti wa marehemu, ambaye sasa ndiye Bosi wetu, alikulia humu humu akitambaa chini ya meza za kazi na kuita "shangazi, shangazi" kutwa nzima. Tukaambukizwa wote. Hata mimi, mwenye umri wa kumzaa. Mwanzoni niligoma, nikawa namwita binti. Akaacha kuniitikia. Si kwa ugomvi, hapana; nikisema anapita tu kama upepo. Ikafika siku nahitaji boneti itobolewe ili kabureta zangu zipumue, na mwenye mkono wa kuitoboa bila kuipinda ni yeye peke yake. Nikameza mate nikaita, "Shangazi!" Akageuka hapo hapo, uso mkunjufu. "Naam, Babu Pistoni?" Na mimi jina hilo likaniganda mpaka leo.

Hakuja hapa kama fundi wa magari. Baba yao alikuwa akigonga sufuria za alumini, na Shangazi alikulia kwenye mlio huo, nyundo ya mbao mkononi. Kaka yake alimleta gereji apokee wateja na atupikie chai. Chai yenyewe, niseme ukweli, ilikuwa adhabu. Siku moja fundi bodi wa wakati ule alisusa kazi akaondoka, akaacha madigadi moja imekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni, na mteja yuko njiani. Shangazi akaiweka birika chini. Akatafuta gunia dogo la mchanga, akailaza ile madigadi juu yake, akaanza kugonga kwa ndani, taratibu, akiizungusha kama anavyozungusha sufuria.

"We mdogo wangu," kaka yake akamwambia, "gari si sufuria."

"Najua, kaka. Sufuria ikitoboka watoto wanalala njaa. Gari likibonyea tajiri ananuna tu."

Mteja alipofika alikuta madigadi imerudi mviringo wake, imejaa kama shavu la mtoto anayenyonya. Kuanzia siku ile Shangazi hakupika chai tena, na gereji nzima ilishukuru mara mbili.

Sasa nieleze desturi zake mbili, maana bila hizo hamtaelewa yaliyotokea mwishoni.

Ya kwanza ni soksi. Gari halikupakwa rangi humu mpaka soksi ya Shangazi ipite. Alikuwa akivaa soksi nyembamba ya pamba mkononi, anafumba macho, anaupitisha mkono juu ya bati toka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama anamtuliza ng'ombe. Anasema kiganja kitupu kinadanganywa na jasho, na jicho linadanganywa na mwanga, lakini soksi haina sababu ya kusema uongo. Penye kibonyeo chembamba kama unyayo wa sisimizi, mkono unasimama. Hapo anachora duara kwa chaki na kazi inaanza upya. Fundi rangi wetu, tunayemwita Rangi Mbili kwa sababu ya mlango mmoja wa zamani ambao hapendi tuutaje, aliichukia soksi ile kuliko kodi. Aliwahi kuificha. Shangazi hakuuliza nani. Alimkalisha Rangi Mbili kwenye kiti, akamvua kiatu, akamvua soksi yake mwenyewe, akaivaa mkononi akaendelea na kazi. Rangi Mbili akashinda na mguu mmoja mtupu, na hakurudia tena.

Desturi ya pili ni kidole. Mlango wa gari lililotoka mikononi mwa Shangazi lazima ufungike kwa kusukumwa na kidole cha mwisho, kile kidogo. Si kiganja, si bega, si nyonga. Mteja akija kuchukua gari lake, Shangazi anasogeza mlango kwa kile kidole, na mlango unasema tk, basi. Mwaka fulani mteja alisema yeye haoni tatizo kuubamiza kidogo. Shangazi akamjibu, "Wa kubamizwa ni mlango wa choo cha stendi. Ukitaka huo, kuna mafundi wake mtaa wa pili." Yule mteja akangoja, na leo ni miongoni mwa watu wanaotuletea wateja wenzao.

Mafanikio yake ni mengi na sina nafasi ya yote, hasa kwa kuwa mengine tuliyafanya pamoja na ningelazimika kueleza sehemu yangu. Lakini la kukata paa siliruki. Alikuja bwana mmoja na teksi kuukuu yenye kisogo cha duara, akasema, "Nataka lionekane linakimbia hata likiwa limesimama." Mafundi wakatazamana. Shangazi alilizunguka lile gari mara kadhaa, kisha akaweka vidole vyake kwa kulala kwenye nguzo ya dirisha, ile inayobeba paa, akasema, "Tukiondoa hapa vidole viwili, litaanza kukimbia." Ikawa kweli. Paa likishuka, gari linainamisha kichwa kama mtu anayepambana na upepo. Tangu hapo watu walikuja toka mbali kukatiwa mapaa, na kipimo cha karakana hii kikawa ni vidole vya Shangazi. Tepu tunazo, ila tunazitumia kupimia mbao.

Na hapo ndipo anapoingia Kipara.

Kipara ni gari. Lilikuwa gari la kaka yake Shangazi, la milango miwili, pua ndefu kama mwezi wa njaa, alilolinunua likiwa kutu tupu ili alijenge na mdogo wake, wawili tu, la kwao, si la mteja. Walilikata paa, wakalitoa zima. Halafu wakagombana. Kaka alitaka paa lishuke vidole vinne. Dada akasema vitatu.

"Vinne mtu ataingiaje?" Shangazi alimuuliza.

"Ataingia akiinama. Nataka anayeingia kwenye gari hili ainame kidogo, ajue anaingia mahali."

"Vitatu, kaka. Watu wana shingo."

Nilikuwapo, nilisema vinne, hakuna aliyeniuliza. Walibishana miezi, kwa raha zao, kila asubuhi wanasalimiana kwa vidole: huyu anainua vinne, huyu vitatu. Mabishano hayakuisha. Kaka aliugua, akafa. Gari likabaki limesimama uani juu ya vigingi vya chuma, halina injini, halina magurudumu, halina paa. Ndiyo maana likaitwa Kipara. Paa lenyewe Shangazi alilitundika ukutani kwa msumari mkubwa, juu ya meza yake ya kazi, na likakaa hapo miaka kumi na minne likimtazama. Tulimfunika Kipara turubai. Likichakaa, Shangazi ananunua jingine. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mwaka huu Bosi aliamua kujenga chumba kipya cha rangi pale uani. Uamuzi mzuri, rangi yetu ilikuwa ikila vumbi. Lakini chumba kinataka nafasi, na nafasi imekaliwa na Kipara. Bosi si mtu wa kuzunguka maneno. Kwa hilo amemrithi baba yake, kama alivyourithi ule urefu wake. Alikuja mbele yetu sote, akasema, "Shangazi, siku utakayostaafu ndiyo siku lori la vyuma chakavu litakuja. Kipara akitoka getini kwa magurudumu yake mwenyewe na milango yake inafunga, atoke. Akishindwa, atapakiwa. Mimi nimechoka kumwona baba chini ya turubai."

 Shangazi akamtazama yule mtoto aliyemlea chini ya meza. "Sawa, mwanangu," akasema. Kisha akapanda kwenye meza yake ya kazi, na viatu vyake, akalitoa paa ukutani.

Ilibaki miezi minne hivi, na kazi za wateja hazikusimama. Alimshughulikia Kipara muda wa chai na Jumamosi. Alikata sakafu iliyoliwa na kutu akaweka bati jipya. Aligonga madigadi zote nne juu ya gunia lile lile la mchanga. Paa akalishusha vidole vitatu, kipimo chake yeye.  Akachomelea nguzo, akapunguza fremu za milango ziwiane na paa, akapachika milango, soksi ikapita, kidole kikapita. Tk. Tk. Tulipiga makofi.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye injini. Niliitoa kwenye lori la kubebea maji, nikaifungua mpaka mshipa wa mwisho, nikaijenga upya. Ilipowaka mezani niliweka kikombe cha chai juu yake, kimejaa hadi ukingoni. Haikumwagika hata tone. Wako watu wanaosema ningeimaliza mapema kidogo. Injini nzuri haiharakishwi, na wanaosema hivyo hawajawahi kuniwekea kikombe juu ya chochote chao.

Tukaipachika. Giaboksi ikaingia, magurudumu yakaingia, tukatoa vigingi, Kipara akashuka chini kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akakaa vizuri, kifua mbele. Shangazi akaenda mlango wa kushoto, akaufungua, akausukuma kwa kidole cha mwisho.

Mlango ukagoma. Akasukuma kwa kiganja, ukagoma. Ukingo wa juu ulikuwa umegongana na nguzo, na chini kumeachama mwanya wa kupitisha kidole. Wa kulia nao ulijifunga kwa kunung'unika.

Ilikuwa imebaki chini ya wiki tatu.

Kila mtu akawa na lake. Rangi Mbili alisema palepale pachongwe kidogo na pajazwe puti, rangi ikipita hakuna atakayejua. Fundi viti akanigeukia mimi. "Babu, hiyo injini yako imelikalia gari la watu."

"Injini isiyo na uzito ni cherehani," nikamjibu. "Nenda kaishonee."

Shangazi hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Kipara anaiangalia chasi, ule uti wa mgongo wa gari, kwa jicho moja. Alipoinuka alikuwa amekwisha jua. "Injini ya Babu haina kosa," akasema, na ninaomba karani asikiweke kipande hicho kwa maandishi madogo. "Kosa ni langu. Nimempimia mtu suruali akiwa amelala kitandani."

Nieleze. Magari yote tuliyowahi kuyakata paa yalikuja hapa na injini zake ndani, yamesimama kwa miguu yao, chasi imekwisha jikunja inavyojikunja. Kipara peke yake alikatwa na kupachikwa milango akiwa mwepesi, tumbo tupu, kaning'inia kwenye vigingi. Injini ilipomkalia, mgongo ukashuka kidogo, kidogo sana, na kila kitu cha juu kikahama. Ni kosa ambalo fundi wa bati mmoja kati ya mia angelijua, na Shangazi ndiye aliyekuwa akiwaonya wengine. Tarehe ndiyo ilimsukuma.

Bosi alikuja akauona mlango. Akamshika mkono. "Shangazi, imetosha. Umejaribu. Hakuna mtu atakayekulaumu."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, lakini..."

"Basi rudi ofisini, mwanangu, simu inalia."

Simu haikuwa inalia. Shangazi akashusha kofia ya kuchomelea usoni, akazikata nguzo zote alizokuwa amezichomelea. Paa likatoka tena. Tukamwona Kipara na upara wake kama jana na juzi zote zile, na nakiri moyo ulinipasuka, mimi ambaye nimezika watu.

Kisha akasema jambo ambalo hakuna karakana nyingine imewahi kusikia. Alisema gari linapimwa likiwa na mzigo wake, na mzigo wa gari ni watu. Akataka watu wakae ndani ya Kipara wakati anapima na kuunga upya. Akatupanga kwa uzito kama anapanga mawe ya mizani sokoni. Mhasibu, ambaye amejaliwa mwili, akawekwa nyuma upande wa kulia. Rangi Mbili nyuma kushoto. Kwenye buti akaweka madumu ya maji badala ya petroli. Fundi viti, aliye mwembamba kama waya wa breki, alijitolea akakataliwa.

"Wewe ukikaa gari halitajua."

Alinuna hadi jioni. Mbele, upande wa abiria, nikawekwa mimi.

"Babu Pistoni, kaa hapo. Usitikisike, na usiongee."

"Kutotikisika naweza."

"Basi tutaanzia hapo."

Siku zote za juma lile, baada ya chai, tulikaa ndani ya Kipara kama familia inayosafiri kwenda kusikojulikana. Cheche zikiruka tunafunikwa turubai zito, tunabaki tunasikia mashine ikilia juu ya vichwa vyetu. Mhasibu alikuwa akisali. Rangi Mbili akawa anatubu ule mlango wake wa zamani, kwa sauti, na sasa naujua wote. Turubai likifunuliwa tunamwona Shangazi anazunguka, anaweka jicho kwenye mwanya, anagonga kidogo, anarudi, anagonga tena.

Sasa sikilizeni, maana hili nililiona mimi tu, nikiwa umbali wa mkono. Nguzo zilizokatwa mara mbili huungua pembeni, na bati lililoungua halishiki. Lazima ulisage mpaka ulifikie lililo hai. Shangazi alisaga. Alipomaliza, nguzo ilikuwa imepungua unene wa kidole kimoja. Fundi wa kuchomelea akamletea vipande vya kuongezea ili kipimo kirudi vile vile vitatu. Alikuwa ameshavikata vizuri, kazi ya kubandika tu.

Shangazi akavishika, akavipima uzito mkononi. Akaviweka juu ya boneti. Akainua mkono wake wa kushoto, akaulaza kwenye nguzo pale nilipo mimi, vidole vitatu.  Kisha akateremsha cha nne.

Mimi nilikatazwa kusema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikusema.

"Haya kaka," alisema, si kwa sauti ya kusikika. "Chukua."

Akavirudisha vile vipande kwa fundi wa kuchomelea, akamwambia havina kazi. Maana yake fremu za milango zikatwe tena, kioo cha mbele kikatwe upya, kazi juu ya kazi, na siku zinakwisha. Aliifanya. Hakuomba siku ya nyongeza, na Bosi hakuthubutu kumpa. Kioo cha mwisho kilikaa mahali pake Alhamisi mchana. Rangi haikuwahi, Kipara alibaki na rangi ya kijivu ya kwanza, ile ya chini, na Rangi Mbili alitaka kulia. Mimi naona inampendeza.

Ijumaa tulikusanyika uani. Kulikuwa na viti vya kukodi, keki, na karani na hotuba yake yenye weledi. Lori la vyuma chakavu lilifika kama lilivyoagizwa, likaegesha nje ya geti, dereva wake akashuka akasimama na mikono kiunoni, anangoja amri. Hotuba ikakatizwa katikati, maana hakuna aliyekuwa akiisikiliza. Wote tulikuwa tunatazama milango.

Shangazi alivaa gauni lake la sherehe na viatu vya kazini. Akaingia upande wa dereva, akainama, akakaa. Akatuita tuliokuwa mzigo, tukapanda nyuma: mhasibu, Rangi Mbili, na mimi nikabanwa katikati kwa sababu kiti cha mbele alikitaka kiwe wazi. Kwa kidole cha mwisho akauvuta mlango wake. Tk. Akawasha injini. Iliwaka mara ya kwanza, jambo ambalo sikushangazwa nalo. Ikanguruma mpaka keki ikatetemeka mezani.

Ukabaki mlango wa kushoto, uliogoma. Shangazi alimwita Bosi kwa kichwa tu.

Bosi akaja. Nimekwisha sema ni mrefu kama baba yake. Alipofika mlangoni akasimama, akalitazama lile paa, akaona halitampisha. Akainama. Akainamisha shingo na mabega, taratibu, kama mtu anayeingia mahali, akakaa kando ya shangazi yake. Hakuna aliyemwambia kuhusu vidole. Alikuwa msichana wa shule wakati wa mabishano yale, lakini nadhani alikuwa anasikia, maana alikaa muda ameweka mkono machoni. Halafu akatoa kidole chake cha mwisho, akausogeza mlango.

Tk.

Mlinzi akafungua geti pande zote mbili. Kipara akatoka kwa magurudumu yake mwenyewe, akapita ubavuni mwa lori, akashika barabara. Tulizunguka mitaa miwili. Tuliporudi dereva wa lori alikuwa bado kasimama. Aliomba ruhusa, akafungua mlango wa kushoto, akaufunga kwa kidole, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akauliza, kwa adabu, kama hakuna kabisa cha kupakia. Shangazi akampa vile vigingi vinne vya chuma.

Bosi amemkabidhi Shangazi hati ya Kipara, ni wake. Nyundo zake Shangazi amewagawia mafundi bodi. Gunia la mchanga kaondoka nalo. Anasema ana sufuria za kugonga nyumbani. Soksi ameitundika kwenye ule msumari uliokuwa ukibeba paa, na hakusema ya nani. Wanaoitaka wanaitazama. Hakuna aliyeigusa bado.

Shangazi, karakana nzima inakushukuru, na wanaokushukuru zaidi ni wale uliowarudishia kazi zao kwa chaki. Mikono yako ipumzike, masikio yako yasahau makelele yetu, na kila mlango utakaoufikia ukufungukie bila kunung'unika. Chai usipike. Nenda salama, binti. Nimeliandika neno hilo hapa, mahali usipoweza kukataa kuniitikia.

Na anayedhani mzee ameongeza chumvi, aende getini amuulize mlinzi, aliyefungua pande zote mbili. Amuulize mhasibu, anayezikumbuka sala zake zote. Amuulize Rangi Mbili, akipenda kusimuliwa na habari za ule mlango mwingine. La vidole vinne shahidi ni mimi peke yangu. Mtu asiponiamini, Jumamosi asubuhi Kipara hupita hapa nje akielekea sokoni. Amsimamishe, aombe kupanda, na aone kama hatainama.